Nguo za Wale

Kila siku ya shule binti aliyeitwa Bibi aliamka kabla ya king'ora cha saa, akagusa sweta lake lililotundikwa nyuma ya kiti. Mara nyingi lilikuwa na unyevu bado. Alilivaa hivyo hivyo, akanywa chai na baba yake, kisha wakashuka ngazi pamoja. Baba alikuwa fundi wa lifti katika maghorofa ya mjini, lakini lifti ya jengo lao wenyewe ilikufa kabla hawajahamia, na mwenye nyumba hakutaka hata kusikia habari zake. "Kinyozi hajinyoi," baba alisema kila walipofika ghorofa ya pili. Bibi alicheka kila siku, ili baba asijue kwamba utani huo umechacha.

Baba alimwita Bibi kwa sababu alirithi jina la mama mzazi wa baba. Mama yake Bibi alikuwa amebaki katika nchi waliyotoka, akimuuguza mzee huyo. Kwa hiyo chumbani walikuwa wawili tu, na katika jengo zima hapakuwa na wengine wenye rangi yao ya ngozi.

Ghorofa ya chini palikuwa na duka la dobi. Mwenye duka alikuwa mama mjane, mwepesi wa kucheka na wateja wake. "Shikamoo, mama," Bibi alimsalimu kila asubuhi. Dobi aliendelea kupiga pasi. Siku walipohamia, baba alimpelekea mashuka. Yalirudi yakiwa kwenye furushi lile lile, bila kufuliwa, pamoja na ujumbe kwamba mashine imejaa. Mashine ikaendelea kujaa mwezi mzima, hata baba akanunua beseni. Wakawa wanafua wenyewe na kuanika bafuni.

Jumatano moja jioni walikuwa wakitazama habari. Mwandishi alipita mitaani akiwauliza watu maoni yao kuhusu wageni waliohamia mjini. Mara uso wa dobi ukajaa kwenye kioo.

"Mimi sina ubaya na mtu," alisema akitabasamu. "Ila nguo za wale sifui pamoja na za watu."

Baba alizima televisheni. Maji yalisikika yakidondoka kutoka kwenye nguo kule bafuni.

Kesho yake, Bibi alipoingia darasani, sauti ilitoka nyuma: "Wale wamefika!" Darasa likaangua kicheko. Msichana aliyekaa naye dawati moja, waliyemwita Pengo kwa sababu ya jino lake la mbele, alikusanya vitabu vyake. "Mama amenikataza," alinong'ona bila kumtazama, akahamia kwingine.

Tangu siku hiyo Bibi alikuwa na dawati zima peke yake. Wakati wa mapumziko alikaa nyuma ya tangi la maji. Alijifunza kutafuna polepole sana, ili mkate na mapumziko viishe pamoja.

Kituo kile cha televisheni kilichomhoji dobi kilikuwa na kipindi cha Jumamosi mchana kilichoitwa Uso kwa Uso. Watu wawili wenye jambo kati yao walikalishwa wazungumze, na nchi nzima ikiwatazama. Bibi aliandika barua, akaichana, akaandika nyingine. Mwishowe alituma mistari michache tu: "Jirani yetu alisema neno kuhusu nguo zetu katika televisheni yenu. Naomba nimuulize humo humo alijuaje."

Simu ya kituo ilipopigwa, baba alishtuka. "Mwanangu, sisi ni wageni hapa. Mdomo uliponza kichwa."

"Mimi nimenyamaza miezi minne, baba. Mbona kichwa kinaponzwa tu?"

Baba akakipigia kituo simu, akakubali. Jumamosi akavaa koti lake la harusini. Dobi naye alikubali kuja, akidhani ni tangazo la bure la duka lake.

Studio ilikuwa na baridi, lakini taa zilichoma usoni. Walimbana Bibi kipaza sauti kidogo kwenye kola, wakamkalisha mbele ya dobi, magoti yao karibu kugusana. Hakuwahi kumwona kwa karibu namna ile. Dobi alikuwa na alama ya kuungua na pasi kwenye kifundo cha mkono.

"Shikamoo, mama."

Dobi aliitupia kamera jicho. "Marahaba."

"Nguo zetu zina nini?"

"Aa, mwanangu, sikukusema wewe. Nilisema wale."

"Wale ni mimi na baba. Hakuna wengine pale kwetu."

Dobi alikohoa. "Watu wanasema ni chafu, zinaambukiza."

"Watu gani?"

Dobi alimgeukia mtangazaji. Mtangazaji alitaka kusaidia, kisha akaacha.

"Wewe ulishawahi kuzifua?" Bibi aliuliza.

"Sijawahi."

"Basi ulijuaje?" Bibi alimtazama usoni. "Shuleni hakuna anayekaa na mimi. Wanasema maneno yako. Asubuhi nikishuka nakusalimu, nawe huitikii. Siku nzima nazungumza na baba tu, naye anarudi jioni."

"Niliogopa wateja watanikimbia," dobi alisema kwa sauti ya chini. "Mimi ni mjane, duka ndilo shamba langu." Akamtazama Bibi. "Lakini nimesema uongo mbele ya watu wote. Sikujua kitu. Nisamehe, mwanangu. Kesho nileteeni nguo."

"Na mteja akilalamika?"

"Atafute dobi mwingine."

Na kweli, mteja mmoja alifoka dukani alipoona nguo zao, akabeba mapazia yake akaenda zake. Dobi alimfungulia mlango. Shuleni wapo walioendelea kucheka, ingawa mwalimu aliwaonya. Lakini siku ya tatu Pengo alirudi na vitabu vyake. "Mama hajaniruhusu," alisema akiketi. "Nimekuja mwenyewe." Siku hiyo mapumziko yaliisha Bibi akiwa na nusu ya mkate mkononi.

Jioni alimsimulia baba. Baba alivua viatu vyake vya kazi, akakaa karibu naye.

"Nilidhani kunyamaza ndiyo adabu," alisema. "Wewe umenifundisha. Asiyekujua hakuthamini, mwanangu, na ubaguzi unaishi kwa 'watu wanasema'. Mtu akikudharau kwa rangi yako, usimtukane na usijifiche. Mtazame usoni, umuulize kwa heshima: umejuaje? Wengine watakasirika, lakini mwenye utu atatafuta jibu, na akilikosa ataona haya."