Syombua Hakuulizwa

Siku ya soko pale Kabati, mwaka wa sabini na tisa, aliyetaka kupiga simu alipanga foleni moja na waliotaka sukari, maana simu ilikaa juu ya kaunta ya duka la Hasina. Mbele kabisa siku hiyo alisimama msichana mwenye gauni la kijani na sweta aliyoifunga kiunoni, ameushika mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Please, put through him!" alimwambia opereta wa Machakos, akitaka aunganishwe. "Put through him! Ni anko wangu!"

Simu ikakatwa. Nyuma yake mtu akacheka.

"Unacheka nini? Mimi ni sinema?"

Aliyecheka alikuwa kijana mrefu, nywele zimechanwa zikasimama, suruali pana chini na shati lake linanuka chaki. Huyo ni Musembi, mwalimu wa Kiingereza wa shule ya jirani.

"Pole, dada. Sema 'put him through'. Huyo 'him' mweke katikati."

"Na nikimweka mwisho?"

"Jina la mtu linaweza kukaa mwisho. Lakini 'him', 'her', 'it', hao hawakubali kuachwa nje."

Msichana akafikiri kidogo. "Hata sisi tunaweka katikati. Si tunasema ni-ta-m-pigia? Huyo mtu si yuko ndani?"

Musembi alikuwa amefundisha jambo hilo miaka mitatu bila kuliona hivyo. Aliacha kucheka, akamtazama vizuri, na hapo ndipo alipopotea.

Jina lake lilikuwa Syombua, binti wa Mzee Nzomo. Huko Machakos walitafutwa maopereta wa simu, na anko wake alikuwa amempatia nafasi ya mahojiano. Kiingereza chake cha Form Four kilikuwa kizuri kwenye karatasi, lakini mdomoni kilimkwama.

"Nitakufundisha," Musembi alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekucheka mbele ya watu."

Wakawa wanakaa jioni kwenye benchi la nje ya duka. Musembi alimweleza kwamba 'put' peke yake ni kuweka tu, lakini ukiipa 'off' unaahirisha, ukiipa 'out' unazima moto, ukiipa 'up with' unavumilia mtu.

"Wazungu walikosa maneno?" Syombua aliuliza. "Mtu avumiliwe na maneno matatu?"

"Wewe ungevumiliwa na manne."

"Mwalimu! Utachapwa na kiatu."

Hasina, ambaye wazazi wake walitoka Lamu, aliwasikiliza kutoka kaunta. "Haya masomo yenu yana asali nyingi, wanangu. Angalieni msije mkanata."

Walikuwa wamenata zamani. Ila kadiri mahojiano yalivyokaribia, Musembi alikosa usingizi. Machakos kulikuwa na wanaume wenye magari na kazi za ofisi. Siku moja akamfungulia moyo Mjomba Kiema, ndugu wa mama yake: "Nahofia akienda hatarudi." Kiema akasema, "Niachie mimi." Musembi alijua maana ya maneno hayo. Alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikoleta balaa.

Jumatatu Kiema alipeleka mbuzi watatu wa ntheo kwa Mzee Nzomo. Kwa Wakamba, dume la ntheo likishachinjwa na kuliwa, msichana ni mke wa watu. Lingechinjwa Jumamosi. Mahojiano yalikuwa Ijumaa. Na Kiema alikuwa ameshatangaza kwamba bibi wa kwao hawezi kushinda akiongea na wanaume kwa simu.

Syombua alimkuta Musembi dukani.

"Umenifunga na kamba ya mbuzi!"

"Syombua, mpenzi, ni mjomba..."

"Mjomba ananijua? Mimi nilikaa hapa na wewe ama na mjomba? Jioni zote hizo hukupata nafasi ya kuniuliza?"

"Niliogopa utakataa."

"Basi sasa ogopa vizuri."

Akaondoka bila kugeuka. Musembi hakula siku hiyo wala iliyofuata. Darasani aliandika sentensi ubaoni akaiacha nusu, wanafunzi wakatazamana.

Alhamisi alifanya jambo ambalo mkwe hafanyi. Alivaa tai, akaenda mwenyewe kwa Mzee Nzomo, bila mjomba, bila mzee yeyote wa kumsemea.

"Tata," alisema, akimwita baba kwa Kikamba, "nimekuja kuchukua mbuzi."

Mzee Nzomo aliweka kikombe chini. "Unamkataa mtoto wangu?"

"Hapana, tata. Nampenda mpaka naumwa. Lakini hawa walikuja kabla yeye hajaulizwa. Aende mahojiano akiwa mtu huru."

"Watu watasema umeniaibisha."

"Watasema ni mimi nimejiaibisha."

Mzee akanyoosha mkono kuelekea zizini. Musembi alipita katikati ya soko akiburura mbuzi wake mwenyewe, tai shingoni, watu wakishika midomo. Kabla hajafika kwake, habari zilikuwa zimemfikia Syombua kwa shangazi yake: mwalimu amechukua mbuzi wake, hakutaki tena. Mzee Nzomo naye, kwa aibu, hakutaka kulizungumzia jambo hilo. Syombua alipanda gari la Machakos alfajiri, na akili yake yote ilikuwa kwa yule mwalimu.

Ijumaa mchana Musembi alisimama dukani kwa Hasina akingoja simu ya Machakos. Simu ililia mara nyingi, kila mara ikawa ya mtu mwingine. Jua lilikuwa linashuka Hasina alipomwita.

"Njoo! Ni yeye. Na sauti yake si nzuri."

Musembi alishika simu. "Mpenzi?"

"Usiniite hivyo. Umechukua mbuzi?"

"Nimechukua."

"Ati hunitaki?"

"Nani amesema? Nilichukua ili usifungwe! Kesho dume lingeliwa, na wewe hujasema neno lako."

Musembi akasikia kamasi zikivutwa upande wa pili.

"Wamenichukua," Syombua alisema. "Naanza Jumatatu. Nitakaa huku, Musembi. Siachi hii kazi."

"Usiache."

"Hata kama mjomba wako atakasirika?"

"Acha akasirike mpaka achoke."

"Basi niulize."

"Nikuulize hapa? Duka limejaa watu."

"Mbuzi si ulipitisha sokoni? Niulize kwa mdomo wako, wasikie."

Musembi aligeuka. Foleni yote ilikuwa inamtazama, mama mmoja ameshika kilo ya sukari kifuani. Masikio yalimwaka moto.

"Syombua wa Nzomo," alisema kwa sauti ya darasani, "unakubali nikuoe, na kazi yako ukae nayo?"

Hasina akaacha kupima mchele.

"Subiri," ilisema sauti ya Machakos. "Nafikiria."

Akafikiria. Na Musembi, aliyekuwa na haraka kuliko watu wote wa Kabati, akasubiri, mpaka aliposikia ndiyo.