Jina Mgongoni mwa Besi

"Huyo mgonjwa wako atalipa nauli kamili," kondakta alisema, na nusu ya stendi ya Kasulu ikageuka kutazama.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mrefu, mwembamba, amefungwa blanketi la kijivu kuanzia kichwani hadi miguuni. Aliyemkumbatia alikuwa kijana mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri na viatu vilivyojaa vumbi jekundu. Nyuma yake alisimama Apoline, fundi cherehani wa pale mjini, ana furushi kichwani na jingine mkononi. Jua lilikuwa limeanza kumchoma, na subira haikuwa miongoni mwa vipaji alivyopewa na Mungu.

"Kaka, kama ni maiti mpeleke mochwari, kama ni mtu mwamshe apande. Wengine tuna kazi."

Kijana akageuka. Alikuwa na macho ya mtu anayecheka kabla mdomo haujaamua. "Si maiti, dada. Ni gitaa la besi."

"Na besi inaumwa nini mpaka ifunikwe blanketi?"

"Haiumwi, imezeeka tu. Imemzidi mama yangu umri."

Kondakta alitaka gitaa liingie kwenye buti pamoja na magunia ya maharage. Kijana akakataa katakata, akalilipia kiti chake, abiria wakaangua kicheko. Apoline hakuwa msafiri. Alikuja tu kutuma sare za kwaya ya parokia moja ya Kibondo, na alipotaja jina la kwaya, yule kijana akanyoosha mkono.

"Lete. Mimi ndiye mpiga besi wao. Naitwa Pasikali."

"Ukipoteza hata kifungo kimoja, nakufuata hukohuko."

"Basi nitapoteza viwili."

Basi lilikuwa halijafika Makere simu ya Apoline ikaita, maana namba yake ilikuwa imeandikwa kwenye furushi. "Vifungo vyote vipo," Pasikali alisema. "Nimeona nikutoe wasiwasi." Apoline hakuwa na wasiwasi wowote, lakini siku hiyo alishona mkono wa kushoto wa blauzi mahali pa mkono wa kulia, akaufumua, akaushona tena palepale.

Tumseme Apoline kidogo, maana hatuwezi kumsifia tu. Mikono yake haikujua kutulia. Kila mwezi alihamisha cherehani: dirishani, mlangoni, halafu dirishani tena. Mlango wa kibanda chake ulikuwa umepakwa rangi nne katika miaka miwili. Kitu kikikaa vilevile muda mrefu, alihisi kinamsema. Na alikuwa na kidonda: mchumba aliyekaa naye miaka mitatu alimwacha akamwoa msichana wa Kigoma, na mtu wa mwisho kujua alikuwa yeye. Tangu hapo jina la mwanamke yeyote asiyemjua lilimkosesha usingizi.

Pasikali alikuwa fundi wa sola. Kazi zake zilimzungusha huku na huko, na njia zake zote, sijui kwa nini, zikaanza kupitia Kasulu. Alikuja na gitaa lake, akakaa kwenye benchi la wateja, akapiga bila spika, sauti ndogo ya kunguruma ikishindana na cherehani.

"Leo umekuja kuniona mimi, au umemtembeza huyo?" Apoline aliuliza.

"Nimekuja na wote wawili tufahamiane."

"Mke mwenzangu huyo! Ana nini cha kunizidi? Amechubuka, rangi imebabuka, skrubu zina kutu."

"Ana adabu. Hasemi mpaka aguswe."

"Basi mimi utanikoma, maana nasema hata nisipoguswa."

Wakacheka, na utani ukawa wa kudumu. Pasikali akipiga simu jioni, Apoline alianza na, "Mke mwenzangu hajambo?" naye akajibu, "Hajambo, anakusalimu, mpenzi." Pasikali alikuwa amelipata gitaa hilo katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, "kwa mtu mmoja niliyemfungia sola," na alipoanza kulichunguza likamteka. Siku moja aliifungua shingo yake pale kibandani, akamwonyesha Apoline maandishi ya penseli ndani ya mti: tarehe ya mwaka 1965. Alituma picha kwenye kundi la wapiga besi la simuni. Wakamjibu kwa kelele. Ni la Italia, kiwanda chenyewe kilishafungwa, yaliyobaki duniani yanahesabika kwa vidole.

"Sasa hulali," Apoline alisema.

"Silali, mama. Nataka kujua kila aliyelishika."

Apoline naye alitaka kujua mmoja tu. Maana mgongoni mwa gitaa, katikati ya ile rangi ya kijani iliyopauka, palikuwa pamechorwa kwa ncha ya kitu kikali, herufi kubwa: PRUDENCE.

Aliuliza akijifanya anatafuta mkasi. "Na huyu Prudence ni nani?"

Pasikali alicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyetekenywa. "Una wivu!"

"Nimeuliza tu."

"Huyo ana mambo mazito. Iko siku nitakupeleka umwone."

Hakusema zaidi. Apoline naye, kwa kiburi, hakuuliza tena. Lakini kila gitaa lilipogeuzwa, jina lile lilimtazama usoni. Prudence. Alimpa sura, akampa nywele ndefu, akampa kiuno. Likamkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Mwezi wa tatu Pasikali akapata kazi ya wiki tatu Uvinza. Chumba chake Kibondo kilivuja, na ilikuwa masika. Akaleta blanketi na kilichomo.

"Nitunzie mke mwenzio," alisema, akambusu kwenye paji la uso. "Nikirudi nina habari zake nyingi. Nitakuambia tukiwa uso kwa uso."

"Habari za gitaa, au za mwenye jina?"

"Zote," Pasikali akajibu, akapanda bodaboda akicheka tena kile kicheko.

Wiki ya kwanza simu zilikatikakatika kwa sababu ya mtandao. Wiki ya pili Pasaka ilikaribia na Kasulu yote ikaanza kujipamba kama kawaida yake: vitanda vikatolewa nje kupakwa upya, milango ikapigwa msasa, hata makaburi yakapakwa chokaa. Huku kwetu kitu unachokipenda hukiachi kizeeke mbele ya wageni. Na kwaya ya Pasikali ilikuwa na tamasha siku ya Pasaka. Apoline alilitazama lile gitaa lililobabuka, akamwona Pasikali amelivaa mbele ya watu, na moyo wake ukamjaa. Akalibeba hadi kwa Ildefonsi, fundi wa kupaka rangi magari.

"Lipake jekundu. Ling'ae mtu ajione."

"Tuanzie wapi?" Ildefonsi aliuliza, msasa mkononi.

Apoline hakufikiri hata kidogo. "Anzia mgongoni."

Akasimama pale pale akitazama. Ilitoka P, ikatoka R, vumbi la kijani likaanguka kwenye viatu vyake. Alipoona E ya mwisho imekwisha, alivuta pumzi ndefu, akajisikia mwepesi kuliko alivyopaswa.

Pasikali alirudi Jumatano Kuu akiwa amechomwa na jua, na zawadi ya kitenge mkobani. Apoline alikuwa amevaa gauni la njano alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, amesuka nywele upya. Akamwambia afumbe macho. Akavuta blanketi.

"Fumbua!"

Pasikali alifumbua. Akalitazama gitaa. Akaligeuza mgongo, akapitisha kiganja pale palipokuwa na jina, polepole, mara mbili. Apoline alingoja furaha ifike usoni mwake, na haikufika.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Nilitaka ulipige likiwa jipya. Hupendi?"

"Apoline, wale watu waliniambia kitu kimoja tu: usiguse rangi. Rangi ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Ndiyo habari niliyokuwa nikuambie."

"Ungeniambia kwenye simu! Ningejuaje?"

"Na jina?" Sauti yake ilishuka. "Jina nalo lilikuwa uchafu?"

Apoline akainamia viatu vyake. Hilo likamponza.

"Kumbe haukuwa utani," Pasikali alisema. "Mke mwenza, mke mwenza, kila siku. Umemkomoa."

"Unaniona kama mchawi kwa sababu ya ubao?"

"Siyo kwa sababu ya ubao."

Akalifunga gitaa lake blanketini, akaondoka. Kile kitenge akakisahau kwenye benchi, au alikiacha, Apoline hakujua, na kutojua huko kulimtesa Pasaka nzima.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe, akaufuta, akatuma mwingine. Alihamisha cherehani mara mbili kwa siku moja. Wateja walilalamika kwamba pindo zimepinda. Alikuwa na hasira naye, halafu hasira ikageuka, ikamkuta yeye mwenyewe. Maana jambo moja alilijua vizuri, wala hakuwa amemwambia mtu: alikuwa amemwambia fundi aanzie mgongoni. Kama Pasikali angeondoka jumla kwa kosa la kupaka rangi, hilo angeweza kulilia na kulimaliza. Kuondokewa akiwa amebakiza uongo, hapana.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Pasaka alifunga kibanda saa nne asubuhi, akapanda basi la Kibondo.

Alimkuta uani parokiani, mazoezi yameisha, anakunja nyaya. Gitaa jekundu lilikuwa limeegemezwa ukutani bila blanketi.

"Kwaya nzima imeisifu hiyo rangi," Pasikali alisema badala ya salamu. "Mimi tu ndiye nimechukia."

"Sikuja kwa ajili ya rangi. Niache niseme, usinikatize, nikikatizwa sitarudia." Apoline alishika mkoba kwa mikono miwili ili itulie. "Rangi niliipaka kwa mapenzi. Jina nililifuta kwa wivu. Nilimwambia fundi aanze nalo, nikasimama kutazama, nikafurahi. Yalikuwa mambo mawili, nikayafunga furushi moja nikakupa kama zawadi. Ndiyo hivyo. Sasa niambie huyo Prudence ni nani, kisha nirudi kwetu."

Pasikali alikaa kwenye ngazi.

"Ana miaka sitini na nane," alisema. "Ndiye aliyenipa gitaa. Alikuwa akipiga besi kwenye bendi huko Bukavu, Kongo, kabla vidole havijavimba."

Apoline alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. "Na hukuniambia."

"Ningekuambia siku ile ile ulipouliza. Nilipenda ulivyokuwa ukiona wivu. Nilijiona mwanamume wa maana." Akainamisha kichwa. "Uliungua, mimi nikaota moto. Kosa la kwanza ni langu, Apoline. Nisamehe."

"Sijaamua."

"Amelazwa hospitali ya Kabanga, mguu unamsumbua. Nilimwahidi kumpelekea gitaa alione, sasa naogopa."

"Kesho twende wote," Apoline alisema. "Nitamwambia mwenyewe."

Mama Prudence alikuwa mwanamke mnene, mweusi, amefunga kitambaa cha zambarau, mguu wake umelazwa juu ya mto. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama mizizi ya tangawizi. Pasikali alipolifunua gitaa, alilitazama, akacheka hadi kitanda kikalia.

"Eh, Pasikali! Umepakaka rangi ya lipstick!"

"Mama, rangi yake ya asili imepotea. Ile ya kijani..."

"Ya asili wapi? Ile ya kijani ni miye nilipakaka! Rangi ya kitanda, ilibakia. Niliuziwaka gitare iko ya bleu, ya buluu." Akafuta machozi ya kicheko. "Bale batu ba mu telefone ndio balikuambia ni ya asili?"

Pasikali akalitazama gitaa upya. Ingekuwa rahisi kuishia hapo, wote wacheke, jambo lifunikwe. Apoline aliiona nafasi hiyo vizuri kabisa, kisha akaiacha ipite.

"Mama, kulikuwa na jina mgongoni. Mimi ndiye niliyelifuta. Nilidhani ni la mpenzi wake."

Kicheko kikaisha. Mama Prudence aliligeuza gitaa, akaangalia mgongo mwekundu usio na kitu.

"Banaume ba orchestre balisemaka gitare haiwezi kuwa ya mwanamuke," alisema taratibu. "Kila mara banaichukua. Nikachora jina na musumari, bakaiacha. Miaka makumi ine, hakuna mwanaume alilifuta." Akamtazama Apoline. "Ni mwanamuke mwenzangu."

Apoline alilia. Hakujitetea, wala hakuna aliyemnyamazisha.

"Nitalichora upya, mama. Leo hii."

"Hapana. Jina ya mutu hana vidole itafanya nini?" Mama Prudence akanyoosha mkono. "Leta ile mikono yako nione." Akazibonyeza ncha za vidole vya Apoline, zile ngumu za sindano na mkasi, akaguna. "Hii iko na ngozi tayari. Kaa. Weka gitare kwa mapaja. Hii hapa kamba ya kwanza. Vuta."

Apoline akavuta. Bila spika sauti ilikuwa ndogo, lakini ilimpita tumboni. Akavuta tena. Mama Prudence akaanza kupiga tandiko la kitanda kwa kiganja, moja, mbili, moja, mbili, na kila Apoline alipokosea, mama akaanza kuhesabu upya. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akaanza kutikisa kichwa.

"Na huyu ni bibi yako?" Mama Prudence alimuuliza Pasikali, kiganja hakijasimama.

"Bado sijamwoa, mama."

"Unangojea nini, nikufe?"

Pasikali akapiga goti palepale kwenye sakafu ya wodi, suruali yake nzuri ikaloa dawa ya kudekia. "Apoline. Sitakuficha tena jambo ili nikuone ukiungua. Utakubali nije kwenu na wazee wangu?"

"Subiri," Apoline alisema, macho yake kwenye nyuzi, "utanipotezea hesabu."

Wodi nzima ikamsubiri. Alikosea, akarudia, akakosea tena, akarudia. Mara ya nne alifika mwisho bila kukosea, akaweka kiganja juu ya nyuzi zikanyamaza, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi mikono yake ikatulia.

"Ego," akasema, akikubali kwa Kiha. "Njoo nao."