Kijiti na Mstari wa Mkaa

Mama Pacha alipoamka tu alifagia zizi na kuwatilia kondoo maji. Kazi hiyo aliipenda kweli. Mumewe alimtania kwamba siku moja atawatandikia kondoo shuka.

Jambo moja lilimkera. Kila mwaka wanakondoo walizidi kuwa wadogo. Majani yapo, maji yapo, chanjo wanapata, lakini wapi! Mchinjaji wa sokoni alikuwa ameanza kuuliza kama wanamletea kondoo au paka. Maneno hayo yalimchoma, maana kondoo ndio waliosomesha wanawe.

Mwaka huu Baba Pacha alijipa moyo. Alikuwa amempata dume wa kuendeleza kundi, naye ni Pandikizi. Huyo alikuwa mwanakondoo mnene, mfupi wa miguu, shingo haionekani. Alizaliwa peke yake, na baba yake alikuwa dume wao wa zamani, wa mbegu ya miguu mifupi.

Wiki hiyohiyo alizaliwa Kijiti pamoja na dada yake pacha. Baba yao alikuwa dume wa jirani, wa mbegu ya miguu mirefu. Maskini Kijiti, alikuwa mifupa na masikio tu.

Zizi lilitosha dume mmoja. Baba Pacha akakata shauri: Pandikizi abaki, Kijiti aende kwa mchinjaji akishaacha ziwa. Ndivyo walivyofanya miaka yote. Aliyenenepa mapema alibaki, mwembamba akaliwa.

Daktari wa mifugo alipokuja kuchanja, Mama Pacha alimweleza shida yao na mpango wa kumchinja Kijiti. Daktari huyo alikuwa mwanamke mchangamfu, asiye na haraka. Alimpapasa Kijiti mgongoni, akamtazama miguu, akauliza yeye na Pandikizi walizaliwaje. Kisha akasema angekuwa yeye, asingemchinja Kijiti sasa.

"Kimbaumbau huyu?" Baba Pacha akauliza.

Daktari akamgeukia mkewe. "Wewe umelea pacha. Walinyonyaje?"

"Kwa zamu. Mmoja akinyonya, mwingine analia."

"Basi ndiyo hayo. Uzito wa mwanakondoo anayenyonya unategemea sana maziwa ya mama yake. Pandikizi amenyonya peke yake. Mmeona alichokula, hamjaona bado alichorithi. Waache ziwa, muwape lishe sawa, halafu muwapime."

Akawaeleza kwamba mbegu hazikui kwa namna moja. Wengine hunenepa mapema, na ukuaji wao husimama mapema. Wengine huanza polepole, lakini huendelea kukua muda mrefu. Mwanakondoo hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Dume mmoja huzaa na majike wengi, kwa hiyo ukuaji wake huenea kundi zima. Wao kila mwaka walimchagua anayesimama mapema. Si mkosi wala uchawi.

Baba Pacha alinuna. Mchinjaji alikwisha ahidiwa Kijiti. Mama Pacha akashikilia uzi uleule. "Tukikosea tumekosa kondoo mmoja," alisema. "Tusipojaribu tutachekwa mpaka lini?" Mwishowe mume akakubali, shingo upande.

Daktari alifunga mzani kwenye boriti, akashona gunia la kumbebea mwanakondoo. Ukutani akachora kwa mkaa: miezi inaelekea kulia, kilo zinapanda juu. Kila mwezi wangeweka alama ya kila kondoo, kisha waziunganishe. Mama Pacha alimtazama kwa mshangao. Mambo aliyoyahangaikia miaka mingi, daktari huyu aliyaweka ukutani mtu akayaona.

Akaishika kazi hiyo barabara. Kijiti alimpiga mateke, naye akamtukana kwa mapenzi. Mwanzoni mstari wa Pandikizi ulikuwa juu kabisa, na Baba Pacha alitembea kifua mbele. Kisha ukaanza kulala. Wa Kijiti ulipanda, ukapanda tena. Mwezi mmoja ile mistari ikakatana, wa Kijiti ukawa juu. Baba Pacha alipima upya, akidhani mzani umeharibika. Mzani ulikuwa mzima.

Pandikizi akaenda kwa mchinjaji, Kijiti akabaki. Daktari aliwaonya: kondoo wakubwa wanataka majani zaidi, na Kijiti asipandishwe kwa mama yake wala dada yake. Wakayafuata yote. Dada mtu alihamia kwa mfugaji wa kijiji cha pili, naye akawapa jike mwingine. Mama mtu akauzwa.

Watoto wa Kijiti walizaliwa, wakaacha ziwa. Walipofika umri ambao wenzao wa zamani walikuwa wakisimama, hawa mistari yao bado ilipanda. Mchinjaji alikuja, akawazunguka, kisha akaomba auziwe mmoja. Safari hii hakutaja paka.

 Baba Pacha alikuwa amemkumbatia Kijiti shingoni, machozi yakimlengalenga.

"Mama Pacha," alisema, "nusura nimchinje baba yao."