Moyo Ndani ya Kisahani

Jioni, watu wakitoka kazini, ngazi za stesheni zilifurika kama siafu wanaohama. Dada mmoja mwenye buti za njano na kilemba chekundu alipepesuka, akadaka mkono wa shati la kaka asiyemjua.

"Samahani! Nilidhani ni chuma cha kushikia."

"Nimeitwa mengi, chuma bado," kaka akacheka. "Shikilia tu, hulipii."

Tangu hapo simu zao hazikupoa. Dada aliendesha kreni kwenye jengo la ghorofa. Kaka alikuwa mtafiti wa maabara ya moyo.

"Kipenzi, leo umenyanyua nini huko mawinguni?"

"Zege. Na wewe, mpenzi?"

"Protini yangu ile ile. Inakaa kwenye utando wa mitokondria, vile vinu vidogo mno vinavyoupa moyo nguvu. Ikiwa mbovu, moyo unatanuka, unachoka. Wengine huirithi kwa wazazi wao."

Dada akakata simu. Kesho yake dada hakupokea simu, wala keshokutwa. Mwishowe simu ikapokewa na dada mkubwa wa mpenzi wake: "Shemeji, hayupo." Kila siku hayupo! Wivu ukampanda kaka. Kuna mwanamume, akajiambia.

Akamfuata kazini. Kwenye kreni alikaa mtu mwingine. Mpenzi wake alikuwa chini, redio ya mawasiliano mkononi, miguu imevimba ndani ya zile buti.

"Nani amekuteka?"

"Moyo," dada akajibu. "Daktari amenikataza kupanda. Ni hiyo hiyo protini yako, ndiyo iliyomuua mama yangu. Ningekwambiaje? Sikutaka uniangalie kama kitu cha darubini."

Machozi yakamlengalenga kaka mbele ya mafundi.

"Basi njoo uangalie wewe," akasema.

Maabarani alimvika koti jeupe lenye mikono iliyomfunika hadi vidoleni. Dada akainamia darubini. Ndani ya kisahani cha kioo, chembe za moyo zilizooteshwa kutokana na damu ya mgonjwa mwingine wa maradhi hayo zilikuwa zikidunda. Hazikuwa na kifua wala mwili. Zilijikaza, zikalegea, zikajikaza tena, zote kwa pamoja.

"Nani anaziamrisha?" akanong'ona.

"Hakuna. Miaka yote hii, sijazizoea."

"Zinaumwa?"

"Zinaumwa. Protini yao ni mbovu."

"Na bado zinapiga! Ee Mungu wangu."

"Sikudanganyi, mpenzi. Dawa ya kuitengeneza protini yenyewe hatujapata. Zipo za kuupunguzia moyo mzigo. Utazimeza, nami nitakusumbua mpaka unichoke. Nikuoe?"

"Huogopi?"

"Naogopa sana."

Dada hakuinua kichwa. Pumzi yake ilikuwa imetulia, taratibu, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala.

"Nioe," akasema. "Lakini usinitoe hapa sasa hivi."