Nafasi ya Vidole Vinne

Ndugu zangu wa mwaloni, hii ya leo inatuhusu sisi wenyewe, kwa hiyo asinune mtu.

Asubuhi moja pale Igombe, kwenye mwalo wetu wa kushushia samaki, kulikuwa kumetulia. Ajwang alikuwa akianika dagaa, na mumewe Ooko akijaza petroli kwenye tenki la injini ya mtumbwi. Alijaza mpaka shingoni, akalitikisa, akaongeza. Si mnajua tulivyo? Tenki likibaki na nafasi tunajiona tumepunjwa. Kisha akaziba kwa sabuni kile kitundu cha hewa kwenye kifuniko, eti petroli isiruke.

“Baba Favour, fundi alisema uache nafasi ya vidole vinne,” Ajwang alimwambia. “Likipata joto litavimba.”

“Kwani huyo fundi anavua na mimi?”

Tenki likaachwa juani. Kufika saa saba lilikuwa limetuna ubavuni, na Ooko akataka kulipunguza upepo palepale, hatua mbili kutoka jiko la Wilhelmina muuza chai.

Ajwang akasimama mbele yake. “Hufungui hapa! Jiko linawaka. Lipeleke kivulini lipoe.”

Wanaume waliokuwa wakinywa chai wakacheka. Ooko akaona haya, akamsukuma mkewe kando, akafungua kwa nguvu. Petroli ikaruka, moto ukaidaka, ukampanda mikononi. Wale waliokuwa wakicheka walitimua mbio. Aliyebaki ni Ajwang, akamwangusha chini na kumfunika kwa gunia lililolowa maji mpaka moto ukazimika.

Ooko alipona, lakini vidole vyake havikunjiki tena. Wavu haushiki, na chakula analishwa na bintiye Favour. Inauma, ndugu zangu.

Watu walimshauri Ajwang auze injini. Alikataa katakata, na sasa mtumbwi anauendesha mwenyewe. Juzi alipozuia petroli isifike shingoni, mvuvi mmoja akamtania: “Mama Favour, leo umepunjwa!”

Ajwang akamwonyesha vidole vinne. “Nafasi hii haijazwi, cheka utakavyo. Ukitaka kujua kwa nini, nenda nyumbani ukampe Ooko mkono.”

Akafunga kifuniko, akausukuma mtumbwi majini.

Funzo

Petroli ikipata joto hutanuka. Acheni nafasi kwenye tenki, msizibe kitundu cha hewa, na likivimba lipozeni mbali na moto kabla ya kulegeza kifuniko taratibu. Na wewe mwanamume unayeona aibu kuonywa na mkeo mbele za watu, aibu hiyo ingeisha kabla ya jua kuzama. Vidole vya Ooko havirudi.