Kasoro Aliyoiacha Odeta

"Nasema hivi, shemeji: hicho kigari kitakuzika!"

"Kikuzike wewe unayekionea wivu!"

Maneno hayo yalirushwa juu ya ua wa minyaa asubuhi na mapema, na kabla jua halijapanda vizuri nusu ya Buswelu ilikuwa imesimama kusikiliza. Wengine walijifanya wanafagia. Upande huu wa ua alisimama Masele, mfugaji, kamba ya ndama mkononi. Upande wa pili alisimama Otuoma, fundi wa injini za mitumbwi kule Kirumba, mswaki bado mdomoni. Otuoma alikuwa amemwoa Dorotea, dada yake Masele, na mashemeji hao walikuwa wakitaniana mwaka mzima bila likizo. Ndiyo maana hata siku Otuoma akisema kweli, Masele alisikia utani.

"Mimi nashika injini kila siku," Otuoma alisema. "Kile kigari ni kirefu kwenda juu, chembamba kwa chini. Utakipeleka wapi na milima hii?"

"Wewe umezoea vitu vya majini. Vya nchi kavu tuachie sisi!"

Watu wakacheka. Otuoma akatema povu la dawa ya meno na kutikisa kichwa.

Ilikuwa mwaka 1994. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya mjini Mwanza yalijaa vitu ambavyo watu walikuwa hawavijui hata majina. Kimojawapo kilikuwa kigari kidogo cha mizigo: viti viwili mbele, dereva na mwenzake bega kwa bega, hakina milango wala madirisha, nyuma kina bodi fupi ya bati. Kilikuja na jina refu la kigeni. Watu wakakiita Kobe, mambo yakaisha.

Masele alikuwa amekwenda dukani kukiona. Alikikagua kama anavyokagua dume mnadani: alikizunguka mara mbili, akakipiga makofi mgongoni, akainama kuangalia miguu. Alirudi nyumbani ameshapenda. Sasa alitaka kuwauza ng'ombe sita ili akinunue, na hao ng'ombe ndio waliowafanya watu waache kufagia na kutega masikio. Walikuwa wametoka kwenye mahari ya binti yake mkubwa, Queen, na kila mtu alijua walikuwa wakimsubiri kaka yake, Josephat, naye akaoe. Wakiuzwa, kisha Kobe akaharibika, Josephat angebaki anatazama harusi za wenzake.

Paskazia, mke wa Masele, alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga.

"Baba Queen, ukinunua ng'ombe si unamuuliza anayemuuza mbele ya shahidi? Anapiga teke? Amewahi kutupa mimba? Mbona hiki hukukiulizia?"

"Nimuulize nani? Mwenye duka? Atasema kizuri."

"Waulize walio nacho. Wanaolalamika ndio wanaokijua."

Mwishowe walikubaliana. Odeta, binti yao wa darasa la sita mwenye mwandiko mzuri, angekwenda kwa wenye Kobe, aandike kila lalamiko kwenye daftari, kisha Ijumaa alisome mbele ya wote. Mnada ulikuwa Jumamosi.

Odeta alikubali haraka mno. Kila alfajiri alibeba ndoo ya maziwa kichwani hadi barabara ya lami, na kila akichelewa shule alipewa adhabu ya kuosha vyoo. Kobe angemaliza shida hiyo. Tena alikuwa ameshatamba darasani.

"Utanipakia?" Amondi, binti wa Otuoma, alikuwa amemuuliza.

"Nitakufikiria. Utakaa nyuma na ndoo."

"Hee! Gari bado liko dukani, mtu ameshaota pembe!"

Jumatano, Odeta na mama yake walikwenda Kirumba, sokoni Mwaloni, kwa Selina, mchuuzi wa dagaa. Selina alipoambiwa wanataka kusikia malalamiko, alivuta kigoda kama mtu aliyekuwa akiisubiri siku hiyo.

"Kaa, mwanangu, uandike! Moja, injini iko chini ya makalio. Ukifika mwisho wa safari unashuka umeiva kama muhogo. Mbili, kuna mkanda wa kuzungusha magurudumu. Mzigo ukizidi kidogo, pwaa! unakatika. Na mkanda wenyewe hapa Mwanza haupo, unausubiri kutoka Nairobi mpaka dagaa wanaota ukungu."

"Kwa hiyo umejuta?" Paskazia aliuliza.

"Sijajuta, mama. Hapa ni tambarare, hakinywi mafuta, kinapita mpaka katikati ya vichanja vya kuanikia dagaa. Nyie mnakaa wapi?"

"Buswelu."

Selina aliacha mzaha. "Kwenye milima? Basi mimi siwezi kuwajibia. Muulizeni Mzee Chenge, yule wa njia ya Magu. Yeye ndiye anakipandisha mlimani."

Kesho yake, baada ya masomo, Odeta alikwenda peke yake kwa Mzee Chenge. Alimkuta ameketi kibarazani, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ooo, binti wa Masele! Nimesikia mnanunua Kobe. Baba yako ana akili."

"Nimetumwa kuuliza kasoro zake, babu."

"Kasoro?" Mzee Chenge alicheka kwa sauti kubwa. "Andika: hakina kasoro hata moja. Nakuapia! Mlimani kinapanda kama mbuzi."

Odeta aliandika upesi. Kisha akaomba maji ya kunywa, naye mzee akamwelekeza mtungi ulio nyuma ya nyumba.

Huko nyuma Odeta alisimama ghafla, kata mkononi. Chini ya turubai lililochanika alikuwepo Kobe. Ubavu wake mmoja ulikuwa umebonyea kama debe lililokanyagwa. Usukani ulikuwa umepinda. Kwenye kiti cha dereva kuku alikuwa ameatamia mayai, akamkodolea Odeta macho kama mtu aliyeingiliwa chumbani.

"Umekiona?" sauti ilisema. Alikuwa mke wa Mzee Chenge, amekaa kivulini. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, kutoka kiganjani mpaka juu ya kiwiko. "Tulikuwa tunateremka na magunia mawili tu ya mpunga. Alipokata kona, kikalala ubavu. Mimi nikawa chini yake."

Ndoo zote za maziwa alizowahi kubeba Odeta hazikuwahi kuwa nzito kama daftari lile. Kabla hajajibu, Mzee Chenge alitokea. Kicheko chake kilikuwa kimekwisha.

"Mjukuu wangu," alisema kwa sauti ya chini, "niliuza shamba la mpunga kununua kitu hiki. Nilikipitisha mbele ya kanisa watu wakipiga vigelegele. Wakijua kimekuwa banda la kuku, nitaishi wapi? Acha hivyo hivyo ulivyoandika."

Mkewe alimtazama, kisha akageuza uso.

Njiani Odeta alifungua daftari, akafunga, akafungua tena. *Mzee Chenge: hakina kasoro.* Si ni maneno yake mwenyewe? aliwaza. Sikutunga mimi. Tena labda alikata kona vibaya. Baba ataendesha polepole. Akafika nyumbani akiwa ameshajishawishi.

Ijumaa jioni ua wa Masele ulijaa kama kuna harusi. Dereva wa dukani alikuwa amemleta Kobe kwa majaribio, anang'aa, mwekundu, na kila aliyesikia mngurumo alikuja. Wanawake walikuja na watoto mgongoni. Otuoma naye alikuja, akaegemea ua, amekunja mikono.

Odeta alisoma. Joto chini ya kiti. Mkanda kukatika. Mkanda kusubiriwa kutoka Nairobi. Kila lalamiko Masele alilipima kwa sauti.

"Joto? Nitatandika gunia. Mkanda? Nitanunua wa akiba kabla sijasafiri. Na mlimani?"

"Mzee Chenge amesema..." Odeta aligeuza ukurasa. "Amesema hakina kasoro. Kinapanda kama mbuzi."

Masele aliruka kwa furaha. "Shemeji, umesikia? Kama mbuzi! Kesho ng'ombe wanakwenda mnadani!"

"Kakuambia hivyo Chenge mwenyewe?" Otuoma alimuuliza Odeta.

"Ndiyo, mjomba."

Watu walishangilia. Kabla mtu hajakataza, watoto wanne walikuwa wameshapanda nyuma kwenye bodi, Amondi mmojawao, pamoja na mdogo wake Odeta, Malimi, wa miaka mitano, aliyekuwa akipiga bati kwa viganja akiimba. Dereva aliwasha injini.

"Nawazungusha mara moja tu, nateremka hapo kwenye mwamba na kurudi," alisema.

Odeta aliuona mwamba. Aliona njia inavyoinama upande mmoja kabla ya kufika pale. Aliona ile plasta, kutoka kiganjani mpaka juu ya kiwiko.

"Shukeni!" Sauti ilimtoka hata yeye akaishtukia. "Malimi, shuka! Amondi, shukeni wote! Kinapinduka!"

Alikimbia akasimama mbele ya Kobe, mikono ameitandaza. Vigelegele vilikatika. Dereva alizima injini.

"Mtoto huyu ana wazimu?" mtu mmoja aliuliza.

"Odeta!" Masele alifoka. "Unaniaibisha mbele za watu?"

"Baba, nimedanganya." Alikuwa akilia sasa, lakini maneno hayakukwama tena. "Cha Mzee Chenge kimeanguka. Kipo nyuma ya nyumba, kuku anaatamia kwenye kiti. Mkewe amevunjika mkono. Nilikiona kwa macho yangu, nikaficha, kwa sababu nilikitaka."

Mtoto aliyekuwa akinyonya kidole mgongoni kwa dada yake alikiachia. Paskazia alijishika kifua. Masele alimtazama binti yake kama anamwona kwa mara ya kwanza, mdomo wazi.

Dereva ndiye aliyecheka. "Huyo mzee hajui kuendesha. Shukeni, watoto. Nipakieni ndoo za maji, niwaonyeshe."

Walimpakia ndoo sita, zimejaa. Aliondoka kwa mbwembwe, akateremka, akafika pale njia inapoinama, akakata kona ya kurudi. Gurudumu la upande wa juu liliacha ardhi. Likakaa hewani, taratibu, kama linafikiri. Kisha Kobe alilala ubavu kwa kishindo, ndoo zikabingirika hadi kwenye mwamba, maji yakamwagikia bodi ile ile waliyokuwa wamekaa watoto. Dereva alikuwa ameruka upande wa juu. Aliinuka, magoti yamechubuka.

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu."

Paskazia alimkumbatia Malimi kwa nguvu hadi mtoto akalalamika. Amondi alikaa chini mavumbini, akamshika Odeta mguu. Baadhi ya wanawake walianza kulia, ingawa hakuna aliyekufa. Masele alikwenda polepole hadi kwenye Kobe, akatazama gurudumu lililokuwa bado linazunguka, akarudi na kusimama mbele ya Otuoma.

"Shemeji, uliniambia. Nikadhani ni utani."

Watu walimsubiri Otuoma acheke. Hakucheka. "Na mimi nimekosa," alisema. "Jambo zito nililisemea juu ya ua, na mswaki mdomoni. Ningekuja ndani, tukakaa."

Masele alimgeukia Odeta. Odeta alisubiri fimbo.

"Adhabu yako ipo," baba alisema, sauti imekauka. "Mwezi mzima, baada ya shule utakwenda kumtekea maji na kumpikia mke wa Chenge hadi mkono wake upone. Lakini ulisimama mbele ya gari, ukasema kabla hujaumbuliwa. Hilo nimeliona."

Paskazia alimfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Sikiliza, mwanangu. Hakuna kitu kisicholalamikiwa. Joto tungelivumilia. Mkanda tungeusubiri. Lawama za namna hiyo zinachosha tu. Hii uliyoiacha ndiyo inayoua. Tulikutuma utuletee zote, tamu na chungu, ili sisi tupime. Ukiondoa moja kwa kuwa unakitaka kitu, umetupimia kwa mizani mbovu, na watakaolala chini ya gari ni watu uwapendao."

"Ng'ombe hawaendi popote kesho," Masele alitangaza. "Gari nitanunua siku moja, nikiwa na Otuoma pembeni, na tutawauliza wenye nalo mpaka watuchoke. Ile ndoo ya maziwa, Odeta, kuanzia Jumatatu nitaipeleka mimi kwa baiskeli, hata ikibidi niende mara mbili. Ningelifanya hilo zamani."

Watu walikuwa wanaanza kumsaidia dereva kumwinua Kobe, baiskeli ilipoingia uani ikilia mnyororo. Aliyeiendesha alikuwa Mzee Chenge. Shati jeupe lilikuwa limeloa jasho. Aliona kigari kimelala, akaona nyuso za watu, akabaki ameshika usukani, hathubutu kusogea.

"Mke wangu hajaniongelesha tangu jana," alisema. "Leo mchana amefungua mdomo mara moja tu. Amesema niende Buswelu kabla ya mnada. Masele, nimekuja kukuambia ukweli. Naona nimechelewa."

Watu walimtazama Masele. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Aliwatazama watoto wanne, mmoja mmoja, kama anawahesabu, kisha akamtazama mzee yule. Alipumua kwa nguvu.

"Umekuja na baiskeli njia yote hiyo. Umekula?" aliuliza.

"Sikuweza kula."

Paskazia alikuwa ameshachukua birika la kunawia. Ndani, ugali ulikuwa mezani pamoja na samaki sato aliyeungwa karanga, chakula cha sherehe ambayo haikuwepo tena.

"Odeta, pokea baiskeli ya babu yako," Masele alisema, kisha akasogea kando kuacha mlango wazi. "Na wewe, shemeji, usijifanye mgeni. Mzee Chenge, nawa mikono. Ingia tule."