Kifungo cha Suti ya Basil

Jumanne ile asubuhi, Emerensiana aliwasha kompyuta akakuta suti imefungwa kifungo.

Alifikicha macho. Suti ile ya kijivu iliyokuwa ndani ya kompyuta aliijua kuliko magauni yake mwenyewe, maana kwa miezi mingi alikuwa akiwavisha nayo wanaume waliokuja kupiga picha za pasipoti bila koti. Tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa, huu mwaka wa sita, kila kijana wa Nangara na Nakwa anaomba kazi ofisini, na suti nani anayo? Unakaa mbele ya kitambaa cha buluu na fulana yako, Emerensiana, Mama Joyness wetu, anakata kichwa chako kwenye kompyuta, anakibandika juu ya suti, unatoka bwana mkubwa. Lakini koti la suti hiyo siku zote lilikuwa wazi. Sasa lilikuwa limefungwa kwa kifungo kimoja cheusi, pale chini karibu na ukingo wa picha.

"Hiki kioo kimechoka," alijisemea, akampigia simu fundi Pantaleo.

Ngoja niseme ukweli wote, maana mwenyewe aliuficha. Suti ile ilikuwa ya marehemu mumewe, Basil. Ndiye aliyefungua duka hilo karibu na stendi, na yeye siku zote alikuwa nyuma ya kamera, si mbele. Picha yake ilikuwa moja tu, aliyopigwa na mkewe hapo hapo dukani siku chache kabla hajafa. Siku moja baada ya mazishi kupita, mteja alikuja mbio anataka suti. Emerensiana akafungua picha ya mumewe, akafuta kichwa, akabandika cha mteja, akasevu suti tupu. Akasevu juu ya ile ile! Nakala hakutoa. Jamani, kosa la sekunde moja, na uso wa Basil haukuwepo tena popote. Hata kichwani mwa mkewe ulikuwa umeanza kufifia.

Na Jumamosi ilikuwa misa ya mwaka. Mama mkwe, Bibi Antonia, alikuwa anakuja kutoka Dareda na ombi moja tu: auone uso wa mwanawe, kisha picha iwekwe kwenye msalaba wa kaburi. Emerensiana alikuwa ameshamjibu, "Ipo, mama." Tangu hapo chakula kilikuwa hakipiti.

Pantaleo alikuja na CD zake. Alikuwa mgeni mjini, ametoka Singida, na hakuwahi kumwona Basil. Aliitazama kompyuta ile ya kichogo, akacheka.

"Mama Joyness, hii ni bibi kizee. Tuiwekee draiva mpya ya picha, ndiyo inayoiongoza kompyuta kuonyesha picha kwenye kioo."

Akaweka draiva ya mashine mpya kwenye mashine ya zamani, kosa ambalo mafundi wetu wanalifanya kila siku na hawakomi. Kioo kikapepesa mara mbili, kikawa cheusi. Akazima, akawasha. Kompyuta ikalia: mlio mmoja mrefu, miwili mifupi.

Emerensiana aliangusha kikombe cha chai.

"Usiogope, mama. Inasema haioni kadi ya picha. Kila fundi anaujua mlio huo."

"Basil alikuwa anapiga mluzi hivyo," alinong'ona. "Akija na baiskeli, kabla hajafika mlangoni. Mmoja mrefu, miwili mifupi."

Pantaleo hakucheka tena. Walijaribu Jumatano, ikalia vile vile. Duka likaanza kunuka udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa asubuhi hiyo hiyo, na hakuna aliyekuwa anachimba mtaa mzima.

"Ni kama kuna mtu anashika mlango kwa ndani," fundi alisema. "Tukisukuma, anasukuma."

"Fungua hivyo hivyo. Picha ya Basil niliifuta humo, pengine itarudi. Jumamosi namjibu nini bibi wa watu?"

Alhamisi mchana, jua likiwaka na wapiga debe wakipiga kelele stendi, Pantaleo alichomoa kadi ya picha, akasugua meno ya kadi hiyo kwa kifutio cha shule, akairudisha, na alipowasha tena mlio ulikuja ila safari hii hafifu, kama wa mtu aliyechoka kuita, kisha herufi kubwa nyeupe zikajitokeza kwenye kioo, fundi akaiingiza kompyuta kwenye sefu modi, ile njia ya kuiwasha bila draiva zake, akaifuta ile draiva mpya, akairudisha ya zamani, na muda wote huo harufu ya udongo ilikuwa inazidi kuwabana kooni, kelele za stendi zikawa zinasikika kwa mbali kama za mji mwingine, na kabla hajagusa faili lolote picha ya suti ikafunguka yenyewe, koti limefungwa, na juu ya kola, taratibu, mstari kwa mstari, ikapanda shingo, kikapanda kidevu, ukapanda mdomo, yakapanda macho.

"Ni yeye!" Emerensiana alilia. "Mungu wangu, ni yeye!"

"Mama Joyness," Pantaleo alisema kwa sauti ya chini, "kurudisha draiva hakurudishi picha iliyofutwa."

"Nyamaza, fundi! Mume wangu simjui?"

Fundi aliokota bisibisi zake akaondoka bila kuaga.

Bibi Antonia alifika Jumamosi asubuhi, akaja moja kwa moja dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe nimwone."

Emerensiana alimkabidhi fremu yenye picha ile ya Alhamisi. Bibi akasogea mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu. Hakulia.

"Huyu ni nani?"

"Ni Basil, mama."

"Basil nimemzaa mimi. Nakuuliza, huyu ni nani?"

Akafungua fundo la khanga yake, akatoa kifungo cheusi, akakiweka mezani.

"Alipokuja Dareda mara ya mwisho, kifungo cha koti kilikatika. Aliniachia nikitafutie uzi wa rangi yake, sikuwahi. Tulimzika koti likiwa wazi. Cha kwake ninacho mimi. Cha huyu kimetoka wapi?"

Emerensiana alijaribu kuukumbuka uso wa mumewe, pua yake, namna alivyokuwa akicheka, na uso pekee uliomjia ulikuwa ule wa kwenye fremu.

Hapo ukasikika mluzi nje, upande wa barabara ya stendi. Mmoja mrefu, miwili mifupi. Ulikuwa ule ule uliolia siku zote tatu, kila walipojaribu kufungua, kama wa mtu anayewakataza.

Bibi Antonia aliinua kichwa, machozi yakaanza kumtiririka.

"Huyo ndiye mwanangu," alinong'ona. "Sasa kama yeye yuko nje, humu ndani mmemfungulia nani?"